Akiba Ndani ya Mshono

Nguo ya kwanza ya dukani ambayo Kibonge aliwahi kuivaa maishani mwake ilikuwa jezi ya netiboli, na ilimgomea mabegani.

Timu ya wasichana ya shule ilikuwa imefika fainali, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu shule ijengwe. Mwalimu wa michezo, mama mmoja mkali mwenye sauti kama filimbi, akasema safari hii hawaendi kucheza na fulana zilizopauka kama wakimbizi. Akaomba hela kwa wazazi, akapita msichana mmoja mmoja kuuliza saizi. Kila mtu aliijua yake. Zamu ya Kibonge ilipofika, akabaki anaangalia viatu vyake.

"Saizi yako, wewe?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui? Kwani nguo unanunuliwa na nani?"

"Nashonewa na mama."

"Basi mama anasemaje?"

"Anasema mimi ni wa kawaida tu."

Wenzake wakacheka, na Kibonge naye akacheka kidogo ili asionekane amechekwa. Lakini hakuwa anatania. Ndivyo alivyoambiwa nyumbani na ndivyo alivyoamini. Kwamba yeye si mwembamba, hilo alilijua, maana macho anayo, na shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Nyumbani Kibonge, shuleni Bonge, basi. Ila kujua kwamba wewe ni mnene ni jambo moja, na kujua unene wako umefika wapi ni jambo jingine kabisa. Kibonge hakuwa na kitu cha kumwonyesha umefika wapi. Wenzake walibadilisha sketi za shule kila mwaka. Yeye yake ilikuwa ileile tangu darasa la tano, sasa yuko la saba, na bado ilimkaa vizuri kiunoni. Mtu ambaye sketi yake haimbani ataanzaje kuwa na wasiwasi?

Mwalimu alimpima kwa macho, akaguna, akanunua jezi kubwa kuliko zote zilizokuwa dukani. Akawakusanya kwenye stoo ya vifaa vya michezo, kati ya mipira iliyoishiwa upepo na magunia ya chokaa, akagawa. Jezi zilikuwa za njano, bado zinanuka plastiki. Kibonge akaingiza kichwa, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akavuta.

Jezi ikakataa. Ikasimama mabegani, haishuki, haipandi. Mikono yake ilibaki juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na kichwa kikabaki ndani. Humo ndani kila kitu kilikuwa cha njano. Alisikia pumzi yake mwenyewe, halafu akasikia sauti ya Mrefu, kapteni wao.

"Jamani, jezi imemmeza Bonge!"

"Wapi! Bonge ndiye ameimeza jezi!"

Stoo nzima ikaangua kicheko. Wapo waliokaa chini. Kibonge akavuta tena, akasikia uzi unalia, akaacha. Alitaka kulia pia, lakini alifikiria kwamba machozi yangelowesha jezi ambayo si yake, akajizuia.

"Kelele!" mwalimu akapaza sauti. "Huyu mnayemcheka ndiye anayewafungia magoli. Nani hapa anaweza kufunga kama huyu? Mrefu, wewe unaweza?"

Hakuna aliyeweza. Kibonge hakuwa mkimbiaji, lakini mpelekee mpira pale chini ya goli, atageuka taratibu, atainua mikono, na mpira utaingia kama umeitwa. Watu walishangaa kipaji hicho kimetoka wapi. Kilitoka kwenye chumba cha kushonea cha mama yake. Tangu akiwa mdogo bibi yake alimkataza kutoka nje, kwamba nje kuna magari na kuna vumbi na kuna watoto wasio na adabu, kwa hiyo mchezo wake ulikuwa kukunja mabaki ya vitambaa kuwa vitufe na kuvirusha kwenye kapu lililokuwa kona ya pili. Alikaa palepale chini, karibu na sahani yake, akarusha miaka yote hiyo.

Mwalimu akachukua mkasi, akaikata jezi ubavuni, Kibonge akatoka amelowa jasho.

"Sikiliza," mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini walipobaki wawili. "Fainali ni Jumamosi. Sheria ya mashindano ni kwamba asiye na jezi ya timu haingii uwanjani. Si mama yako ni fundi? Mpelekee aitengeneze. Mimi nakutaka uwanjani, umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Alielewa vizuri sana. Hakuna mahali pengine popote duniani ambapo mtu alishawahi kumwambia anamtaka.

*

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndicho kiwanda cha mama. Cherehani ilikaa dirishani, nguo za wateja zilining'inia ukutani, na sakafuni nyuzi za kila rangi zilishika miguu ya anayepita. Kibonge alipoingia, mama yake alikuwa anampima mteja kwa futi, anataja namba kwa sauti. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye kochi amempakata Babu.

Babu alikuwa mdogo wake Kibonge. Alipewa jina la babu yao aliyefariki, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Babu, na bibi alimwita mume wangu. Alikuwa bado hajatembea. Mikono yake ilikuwa na mikunjo kama imefungwa uzi, na mashavu yamekaribia kufunika macho. Bibi alikuwa anamnywesha uji kwenye chupa ambayo chuchu yake aliikata kwa wembe ili tundu liwe kubwa, uji upite haraka. Uji wenyewe ulikuwa na sukari, siagi na maziwa ya kopo. Babu aligeuza uso pembeni, uji ukamchuruzika shingoni.

"Hataki, bibi," Kibonge akasema.

"Anajua nini huyu? Mwanamume anabembelezwa. Kula, mume wangu, kula, usije ukanipeperukia." Akamrudishia chupa mdomoni. "Na wewe, mke mwenzangu, mbona uso umekunjamana? Kachukue soda kule chumbani. Baba yako ameleta za machungwa."

Soda hazikuisha nyumba ile. Baba yake Kibonge alikuwa mpakiaji kwenye ghala la soda, na chupa zilizopinda kizibo au kuchanika karatasi hazikuuzwa, waligawiwa wafanyakazi. Kreti zilijaa chini ya kitanda. Maji ya kunywa nyumba ile ilibidi uyatafute, soda ilikutafuta yenyewe.

Mteja alipotoka, Kibonge akampa mama yake jezi. Mama akaigeuza, akatia vidole pale ilipokatwa, akaiangalia muda mrefu. Hakuuliza imekatwaje. Hakuuliza imekatwa na nani.

"Nguo za dukani hizi," akasema. "Wanabania kitambaa. Wezi watupu. Nitatia vipande ubavuni, hutajua hata kama ilikatwa."

"Ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, mama."

"Nimekuambia wanabania kitambaa."

"Si unipime kwanza?"

"Nikupime wewe?" Mama akacheka, kicheko kifupi. "Wewe nakujua kwa macho."

Kweli, hakuwahi kumpima. Futi ile ilizunguka viuno vya mtaa mzima lakini kiuno cha Kibonge haikuwahi kukigusa. Kibonge siku zote alidhani hayo ni mapenzi.

Mama akachukua khanga akaenda kutafuta kitambaa cha njano kinachofanana. Bibi akasinzia na mume wake kifuani. Kibonge akabaki anaitazama jezi, na hamu ikamshika ya kuianza kazi mwenyewe, angalau afumue mshono wa upande wa pili ili mama akirudi akute kazi imesogea. Lakini hakuwa na uhakika mshono wa ubavuni unaanzia wapi. Akaingia chumbani, akaitoa sketi yake ya shule, akaigeuza ndani nje ili aone mama yake anashonaje.

Ndani ya sketi hakukuwa na mshono mmoja.

Kulikuwa na mistari. Pale ubavuni kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwa ndani, na kando ya mshono wa sasa kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vya sindano mahali uzi ulipofumuliwa. Pembeni yake mwingine. Halafu mwingine. Na kati ya mstari na mstari rangi ya buluu haikuwa sawa. Ile iliyowahi kutoka nje mapema ilikuwa imepauka kwa jua, iliyotoka juzi ilikuwa bado mbichi, inang'aa kama ya dukani. Ungeweza kupitisha kidole na kusoma pale Kibonge alipokuwa darasa la tano, pale alipoanza kuhema kwenye ngazi, pale alipoacha kucheza ruka kamba na kusema hapendi.

Akavuta gauni la kutokea. Vilevile. Akavuta la zamani, la zambarau, ambalo mama alilisifu kwamba ni imara, linadumu. Vilevile. Sasa akakumbuka jinsi kila likizo mama yake alivyokusanya nguo zake zote, eti anazikaza vifungo.

Akarudi chumba cha mbele. Juu ya cherehani kulikuwa na suruali ya Babu, haijamalizwa, ndogo kama ya mwanasesere. Akaigeuza. Kitambaa kilichokunjwa ndani kilikuwa kipana karibu sawa na kile kilichoonekana nje.

*

Mama aliporudi alimkuta amekaa sakafuni katikati ya nguo zake zote zilizogeuzwa. Alisimama mlangoni na kile kitambaa cha njano mkononi. Bibi naye akaamka.

"Kuna nini hapa? Mbona nguo zimetapanywa kama soko la mitumba?" bibi akauliza.

"Mama," Kibonge akasema, "ulikuwa unazipanua."

Mama akaweka kitambaa juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja ingawa hakikuwa na mkunjo.

"Fundi yeyote huacha akiba kwenye nguo ya mtoto. Mtoto anakua."

"Ya kukua kwenda juu uliiacha kwenye pindo. Hapa ubavuni ulikuwa unaficha."

"Nilikuwa nakufichia aibu."

"Mimi ndiye uliyenificha! Leo nimekwama kwenye jezi mbele ya timu nzima, mikono juu, kichwa ndani! Wote walikuwa wanajua nilivyo, ni mimi peke yangu nisiyejua. Nimemwambia mwalimu mimi ni wa kawaida. Nimemwambia, mama!"

Bibi akasonya. "Jamani, kelele zote hizi kwa ajili ya fulana. Huu ni mwili wa ukoo, mke mwenzangu. Mwangalie baba yako. Kuna aliyemwonea?"

"Baba hawezi kujifunga kamba za viatu, bibi. Anaenda kazini na ndala."

"Miguu inavimba kwa sababu ya kazi."

Mama alivuta kiti cha cherehani, akakaa, akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Alikosea tundu mara kadhaa, yeye ambaye hutunga akiwa anaongea na mteja.

"Kabla yako nilizaa mwingine," akasema. "Hilo unalijua, lakini hujui alikuwaje. Alikuwa mwepesi. Ukimnyanyua ni kama umenyanyua kitambaa bila mtu. Wakati ule baba yako hana kazi, na mimi maziwa hayatoki. Unajua mtaani walisemaje alipokufa? Walisema fundi anavisha watoto wa watu, wake anamuua kwa njaa. Walisema hivyo wakiwa wamekaa hapa, kwenye kochi hili, wamekuja kunipa pole."

Bibi akaangalia pembeni.

"Ulipokuja wewe nikaapa. Nikakulisha nikiwa nalia, nikakulisha ukiwa umelala. Ukawa na mashavu, wateja wakawa wanakushika, wanasema hongera, mama, sasa umezaa. Nani angeacha? Halafu ulipoanza shule mteja mmoja akaniambia, huyu mtoto mpunguzie. Mpunguzie!" Akauma uzi kwa meno. "Niliona heri nipanue sketi."

"Ungeniambia tu."

"Ningekuambia nini? Mtoto anaambiwa nini?"

Kibonge akanyanyua ile suruali ndogo. "Na Babu je? Utamwambia akiwa darasa la ngapi?"

Mama akakanyaga cherehani. Ikanguruma kwa nguvu, akaingiza kipande cha njano kwenye jezi, na hakuinua uso mpaka jezi ilipokwisha.

*

Jumamosi jezi ilimkaa kama amezaliwa nayo. Vipande vya ubavuni vilikuwa vya njano ileile, mshono umenyooka, hata Mrefu alipoigusa alisema, "Duh, Bonge, mama yako ni noma. Nimwambie anishonee na mimi miguu mifupi." Wakacheka wote wawili, na safari hii kicheko kilikuwa kizuri. Mwalimu wa michezo alimgonga begani. Mashabiki walikuwa wamejaa pembeni mwa uwanja, mama yake miongoni mwao amembeba Babu mgongoni, na Kibonge akahisi kwamba labda hata yale ya juzi yatapita.

Kabla ya mchezo wachezaji wote walipita kwenye hema la muuguzi. Alikuwa kijana mpole, kazi yake kuangalia kama kuna mwenye homa au aliyeumia. Alipima presha haraka haraka, anamwambia kila mmoja haya, nenda. Kwa Kibonge kile kitambaa cha mashine cha kufunga mkononi hakikufika. Muuguzi akakifunga, kikafunguka chenyewe kwa sauti ya kuchanika. Akachukua kingine, cha watu wazima. Akapima. Akapima tena mkono wa pili. Akamwambia akae apumzike, kisha akapima tena.

"Usiku unakoroma?"

"Bibi anasema nakoroma kuliko baba."

"Unaamka kwenda kukojoa mara nyingi? Kiu je?"

"Kiu nakuwa nayo. Nakunywa soda."

Muuguzi akainama, akamwangalia shingo nyuma. Ngozi ya pale ilikuwa nyeusi, nene, kama imepakwa masizi.

"Hiyo ni taka," Kibonge akasema haraka, uso umemwiva. "Haitoki. Mama ananisugua kila Jumapili kwa jiwe la miguu."

"Si taka," muuguzi akasema taratibu. "Mwambie aache kusugua. Hiyo ni dalili kwamba mwili unapigana na sukari. Mdogo wangu, leo huchezi."

Mwalimu wa michezo alikuja mbio, akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. "Huyu hakimbii, anasimama tu golini! Dakika chache tu, daktari!" Muuguzi akatikisa kichwa. Presha ile angeikuta kwa mzee asingeshangaa, akasema, lakini kwa msichana wa darasa la saba hataiachia iingie uwanjani, naye anataka usiku apate usingizi. Mama mtu akaitwa.

Alikuja na Babu mgongoni, amekunja uso tayari kwa ugomvi.

"Mwanangu haumwi."

"Mara ya mwisho alipimwa uzito lini, mama?"

"Alipimwa akiwa mchanga. Wakanisifu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nimpime kwa nini? Nguo zake zote zinamtosha."

Muuguzi akaitazama jezi. Akaufuata mshono kwa macho kutoka kwapani mpaka chini.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi."

"Umeshona vizuri sana, mama," akasema, na ilikuwa kama amemzaba kibao.

Muuguzi akamweleza mama yote, wala hakumfokea. Kwamba hospitali Jumatatu, bila kukosa. Kwamba asimfungie mtoto chakula ghafla wala kumtenga na sahani yake kama mfungwa, bali ni nyumba nzima ibadilike, soda itoke, maji yaingie, watu walale mapema, mtoto aachiwe nje akacheze. Halafu akamwangalia Babu mgongoni, mashavu yale, mikono ile.

"Na huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri."

"Ananyonya?"

"Bibi yake anampa chupa. Mimi nina kazi."

"Akigeuza uso ameshiba, mama. Msimlazimishe. Na sukari msimtilie kabisa. Huyu bado hujachelewa."

Neno hilo Kibonge alilisikia vizuri. Huyu bado. Maana yake yupo mwingine.

Mchezo aliutazama akiwa kwenye benchi, amevaa jezi iliyomkaa kuliko mchezaji yeyote uwanjani. Mrefu ndiye aliyewekwa golini. Alipelekewa mipira mizuri, akarusha, ikagonga chuma, ikarudi. Kila ilipogonga, mikono ya Kibonge ilijiinua kidogo magotini, kisha ikatulia. Walifungwa kwa goli moja. Wakati wa kutoka, msichana mmoja alimpita akasema bila hata kumwangalia, "Bonge ametuangusha bila kuingia." Hakuna aliyecheka. Angalau wangecheka.

*

Hospitali walisema sukari bado haijafika pabaya, lakini ipo mlangoni imevua viatu. Daktari alirudia yaleyale ya muuguzi, nyumba nzima, nyumba nzima.

Nyumba nzima ilikuwa Kibonge. Sahani yake ikawa ndogo, za wengine zikabaki palepale. Baba aliposikia habari za soda alishangaa kwa dhati. "Hizi ni za bure. Sasa tuzimwage?" Akafungua moja akaketi kuifikiria. Bibi naye alisikitika sana kumwona mke mwenzake anakonda, ingawa hakuwa amekonda, akawa anamwita pembeni na kumfinyia biskuti kiganjani, machozi yanamlenga. Kibonge alizila zote. Alizila akiwa ana njaa na akiwa na hasira, na baadaye alijichukia kuliko alivyowachukia wao. Jioni alijaribu kutembea mpaka mwisho wa mtaa, watoto wakamwimbia, akarudi.

Lakini jambo moja hakuliachia. Siku moja mama alipokuwa amekaa kwenye cherehani, Kibonge alisimama mbele yake mpaka mashine ikanyamaza.

"Mama, mimi sikuombi kitu changu. Nakuomba cha Babu. Mshonee nguo bila akiba ubavuni. Acha pindo la kurefuka tu. Zikimbana, tuone kwamba zimembana. Mtu mmoja tu aone, atasema."

Mama alimwangalia. Macho yake yalikuwa yamechoka, yalijaa maji, na Kibonge akafikiri kwamba sasa hivi atamkumbatia.

"Sawa," mama akasema. "Naahidi. Bila akiba."

Na akatimiza. Siku chache tu zikapita, akamwita, akiwa na furaha kama mtu aliyelipa deni. Bibi alikuwa kwenye kochi, chupa mkononi, Babu miguuni pake ameshika kochi anajifunza kusimama. Amevaa suruali mpya, ya kahawia, imemkaa vizuri mno.

"Haya, fundi msaidizi, kagua mwenyewe," mama akasema. "Usije ukasema nimekudanganya."

Kibonge akapiga magoti, akageuza ukingo wa suruali ubavuni. Kweli. Mshono ulikuwa mwembamba, umepunguzwa kwa mkasi, hakuna hata ukucha mmoja wa kitambaa cha ziada. Akainua uso atabasamu. Hapo ndipo kidole chake kilipogusa kiuno.

Akavuta. Kiuno kikafunguka. Akavuta zaidi, kikafunguka zaidi, kikaja mpaka kwake bila kulalamika, kipana kuliko Babu, karibu kipana kama yeye.

"Lastiki," mama akasema kwa upole. "Nzuri ile, ya bei. Hiyo haitambana kamwe."

Kibonge akaiachia. Ikarudi kwenye tumbo la Babu kwa sauti ndogo, na Babu akacheka, akafungua mdomo, bibi akamwekea chupa.